Tulivyokwenda Haubi Kutafuta Mlango wa Kushoto

Tangu niliporudi, kila nikianza kusimulia pale ofisini Mtumba, simu inalia au bosi anapita, na ninyi mnatawanyika kama kuku. Kwa hiyo nimeamua kuandika yote mara moja. Habari za kuomba ruhusa na kujaza mafuta naziruka. Naanza na gari, maana asiyelijua gari hataelewa kwa nini watu wazima watatu, wenye akili zao, walipanda hadi milima ya Kondoa kutafuta mlango mmoja.

Area D, kabla ya safari

Pikapu yangu ni ya dizeli, ya Kijapani, nzee kiasi kwamba siku niliyoinunua mnadani kuna mtu alinipa pole. Jina lake ni Mchwa. Alilitoa Shabani, fundi wa kuchomelea mwenye gereji nyuma ya nyumba yangu, siku ya kwanza alipoibonyeza ubavuni kwa kidole, na kidole kikatokea upande wa pili. Shabani ni Mrangi wa asili, lakini amezaliwa na kukulia Dodoma mjini. Kirangi chake kinatosha kusalimia na kuomba chakula.

Kila Jumamosi kwa muda wa mwaka mzima tulikuwa pale gereji, mimi, yeye, na wapenzi wengine wa magari wanaokuja kutoa ushauri usioombwa. Springi tulizitoa kwenye lori lililokufa. Bampa ni bomba la kisima. Keria ya juu ilikuwa rafu za mafaili zilizotupwa, na viti vilitoka kwenye basi. Rangi ya kijani ni ile iliyobaki jirani alipopaka geti lake. Halafu kuna lile bomba refu linalopanda pembeni ya kioo, la kuvutia hewa gari linapovuka maji. La kwangu ni bomba la maji taka, na halijaunganishwa na kitu chochote. Ni pambo. Nawaambia leo kwa mara ya kwanza.

Deo, ambaye wengi wenu mnamjua kwa kuwa tunafanya naye kazi, ana pikapu nyeupe ambayo kila kitu chake kimeagizwa. Taa peke yake ziko nane. Deo ana roho nzuri, ila akiiangalia Mchwa hukunja uso kama mtu aliyeonjeshwa shubiri.

Kilichotushinda ni mlango wa kushoto. Bawaba zilikwisha oza, tukaufunga kwa mpira wa tyubu, na kila abiria akawa anaingilia upande wangu, anaruka gia na kujibwaga ng'ambo. Tulitafuta mlango Dodoma nzima. Ndipo binamu yake Shabani aliyeko Kondoa mjini akasema kuna mzee juu kule Haubi, Mzee Idi, mwenye pikapu kama yangu, imekaa tu uani, milango yote mizima. Shabani akamwomba ampigie mzee huyo simu, amwambie kuna wageni wanakuja Jumamosi kutoka Dodoma, wana shida na kitu cha nyumbani kwake.

Ujumbe ulifika hivyo hivyo. Ukumbukeni.

Msalato, Makutupora, Haneti

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, mimi na Shabani ndani ya Mchwa, Deo mbele yetu na taa zake zote zinawaka ingawa jua lilikwisha toka. Msalato tulipita vizuri. Makutupora pikapu nyeupe ikazima.

"Haiwezekani," Deo alisema. Alirudia neno hilo kama mara sita.

Shabani akafungua boneti, akachungulia, akanyoosha mgongo. "Bosi, hizi taa zinakunywa umeme wote. Gari lina kiu."

Akakata waya za taa tano. Kazi hiyo ilichukua saa nzima, kwa sababu kila waya Deo aliomba kwanza tufikirie njia nyingine. Mimi nilikaa kwenye bampa la Mchwa nikila zabibu nilizonunua kwa akina mama wa pale barabarani. Sitawaficha, nilifurahi sana. Mchwa ilikuwa inanguruma taratibu pembeni kama inayosubiri mdogo wake avae viatu.

Haneti tulisimama kunywa chai. Chapati za pale ni nene, na maharage yake yana nazi, nikauliza nazi imefikaje Haneti, mama muuzaji akasema, "Imefika kwa basi kama wewe." Tulipotoka tukamkuta bibi mmoja amesimama mbele ya Mchwa, ameshika kiuno. Nikamsalimia kwa Kigogo, "Mbukwa, bibi."

"Mbukwa. Mbona mmechelewa hivi? Godoro nimetoa nje tangu juzi."

Ilibidi tuulizane kwa muda ndipo nikaelewa. Alikuwa ameliona lile bomba langu, akadhani sisi ndio watu wa kupuliza dawa ya mbu. Nilimweleza kwamba bomba halitoi kitu. Akalishika, akachungulia ndani, akaniuliza, "Sasa la nini?"

Deo alicheka hadi akaegemea ukuta. Bibi alituonea huruma, akatufungia karanga kwenye gazeti, tukaondoka.

Kondoa hadi milimani

Hadi Kondoa mjini ni lami tupu. Shabani alitaka kuingia nyumbani kwa mzee akiwa mtu wa heshima, basi akaenda kuoga msikitini, akavaa kanzu nyeupe na kofia. Deo, kwa kuwa alikuwa na haya ya mambo ya Makutupora, aliliosha gari lake likang'aa, na muuza maua ya plastiki akamshawishi afunge utepe mwekundu kwenye kioo. Tulinunua pia sukari, majani ya chai na sabuni. Huwezi kwenda kwa mzee mikono mitupu. Tukavipanga kwenye sinia, tukafunika kwa kitambaa.

Mnaanza kuona tulivyokuwa tunaonekana.

Baada ya mji unaacha lami, unaanza kupanda. Udongo ni mwekundu, milima imechanika makorongo marefu, halafu ghafla unakuta bonde la kijani lenye migomba na miwa. Kabla ya kijiji kuna korongo moja pana, halina maji wakati huu, ni mchanga mtupu. Deo alipita kwa kasi akayumba kama mlevi. Mimi nilipita polepole na gia nzito, Shabani akikimbia mbele kwa miguu, kanzu ameishika mkononi, akinionyesha penye mchanga mgumu. Tulifika kwa Mzee Idi saa saba kasoro.

Mlango

Uani kulikuwa na watu wengi. Tulipozima magari, wanawake wakapiga vigelegele.

"Watu wa huku wakarimu," Deo alininong'oneza.

Tulipokewa kama mawaziri. Sinia letu likabebwa juu juu. Wanaume walipelekwa barazani kwenye mkeka, mimi nikakalishwa hatua chache kutoka pale, pamoja na akina mama. Mzee Idi alikuwa amekaa katikati, mrefu, mkavu, macho yake yana ukungu mweupe. Wazee wengine walikuwa wanne. Kabla ya neno lolote vililetwa vyakula: pilau, kuku wa kienyeji, ndizi, maziwa mgando na asali. Tulikuwa na njaa. Nilimwona Shabani akimega paja la pili.

Karibu yangu alikaa dada yake Mzee Idi, Shangazi Mwanahawa, mama mnene mwenye sauti ya kuamuru. Aliniangalia kwa makini, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mmejiandaa kutunza, mwanangu?"

"Sana, Shangazi," nikasema. "Tukifika tu nyumbani, cha kwanza ni kusugua vizuri. Halafu mafuta. Halafu rangi."

Alinikumbatia. "Mnajua mambo!" akasema, macho yamelowa, akawageukia wenzake akawaambia kwa Kirangi, na wote wakanitazama kwa upendo. Nikawaza, hawa watu wanapenda magari kuliko sisi.

Baada ya kunawa, mzee mmoja akakohoa. "Haya wageni. Tumekula, tumeshiba. Semeni kilichowaleta."

Shabani akarekebisha kofia. Alikuwa amejiandaa njia nzima. "Wazee wangu, shikamooni tena. Sisi hatuna maneno mengi. Tumetoka Dodoma tumekuja kuomba mlango."

Wazee wakaguna kwa kuridhika. "Kasema vizuri," mmoja akasema. "Mlango ndio mwanzo."

"Tumezunguka kote, tumeona mingi," Shabani akaendelea, amepata moto. "Lakini mzuri tumeambiwa uko hapa. Umetunzwa. Haujapigwa jua wala haujagongwa na mtu."

"Haujagongwa!" Mzee mwingine akacheka kwa kikohozi. Wanawake wakapiga vigelegele tena.

"Na tunaomba wa kushoto."

Wazee wakatazamana. Yule wa kwanza akashika ndevu, akafikiri, kisha akaitikia kwa kichwa polepole. "Kushoto ndiko uliko moyo," akawaeleza wenzake. "Huyu mshenga si mtoto."

Nililisikia neno *mshenga* na sikulitilia maanani. Nilikuwa nimeshiba mno.

Sasa Mzee Idi akainua mkono. "Mmenichosha mara mbili kwa ahadi," akasema. "Leo mmekuja. Basi. Mlango mmepewa."

Shabani alisimama kwa furaha, akawashukuru wote, akaenda moja kwa moja kwenye Mchwa, akachukua spana, akavuka uwanja hadi kwenye banda la pembeni. Pale palikuwa na pikapu ya kijivu, kuku wamelala kwenye usukani. Akawafukuza, akapiga magoti katika kanzu yake nyeupe na kuanza kufungua bawaba.

Kila mtu alimtazama. Mzee Idi haoni vizuri, lakini masikio yake ni makali. Alisikia chuma kikigusa chuma, akainuka.

"Nani anagusa gari langu?"

"Ni mimi, mzee," Shabani akajibu kwa uchangamfu. "Nafungua mlango."

Ndani ya nyumba msichana akacheka. Alicheka peke yake, muda mrefu, hadi akashindwa kujizuia, akatokea mlangoni huku amejifunika mtandio hadi puani. Huyo alikuwa Zaituni, binti wa mzee.

"Baba," akasema, "hawa si watu wa kina Jumanne. Hawa wamekuja kwa ajili ya gari."

Korongoni

Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Posa yenyewe ilikuwa imeletwa kwa barua, watu wa Jumanne, mchumba wa Zaituni, wanatoka Dodoma, na hakuna aliyewahi kuwaona kwa sura. Mara mbili waliahidi kuja, mara mbili wakashindwa, na mara ya tatu walikuwa wamepanga Jumamosi hiyo hiyo, kwa hiyo ujumbe wetu ulidhaniwa umetoka kwao. Nasi tulikuwa tumekula kuku wao.

Deo aliomba radhi hadi sauti ikamwisha. Mzee Idi hakutujibu sisi. Alisema tu, kwa wote, "Alasiri ikiadhiniwa, naondoka hapa barazani. Sitakaa mara ya nne." Nikamwona Zaituni akishika nguzo ya mlango. Hakuwa anacheka tena.

Tulikuwa tunajiandaa kutoroka, kusema kweli, wakati kijana mmoja wa bodaboda alipofika na vumbi lake. Basi dogo limenasa kwenye mchanga wa korongo, akasema. Limejaa watu wa kanzu. Simu zao hazishiki huko chini, na kila wakilisukuma linazidi kuzama.

Zaituni akaja moja kwa moja dirishani kwangu. Alisahau hata mtandio. "Dada, shikamoo. Hilo gari lako linaweza kuvuta?"

Ningemwambia sijui. Mchwa ilikuwa haijawahi kuvuta hata toroli. Nikasema, "Marahaba. Linaweza."

"Mimi naenda nao," Shangazi Mwanahawa akatangaza. "Nataka niwaone kwanza, hao wa kweli. Nifungulie mlango."

Tukatazamana. Ilibidi apandie upande wangu. Shabani alisukuma, wanawake wawili walielekeza, na mimi nilishika gia isimchome. Alipokaa hatimaye upande wa pili, alijitengeneza khanga, akasema, "Sasa nimeelewa kwa nini mnatafuta mlango."

Korongoni tulilikuta basi limelalia tumbo. Wazee saba walikuwa wamekaa kingoni kwa mstari, kanzu zimekuwa nyekundu, na mbuzi mmoja wa zawadi amefungwa kwenye kioo cha pembeni. Mkubwa wao, baba mdogo wa mchumba, alikuwa analia machozi. Mtu mzima. "Watasema tumewadharau," alirudia.

Deo alitangulia kwa kuwa gari lake lina nguvu kuliko la kwangu. Liliingia mchangani kwa kishindo, magurudumu yakazunguka, likakaa. Akashuka, akalizunguka, akaja kwangu. "Happy," akasema, "nakuomba."

Shabani alipunguza upepo wa matairi yangu hadi yakabonyea. Nikarudisha Mchwa nyuma hadi ukingoni penye ardhi ngumu, waya wa chuma ukafungwa kwenye ndoano aliyoichomelea Shabani mwenyewe. Nilimwona akiibusu ndoano, akidhani hakuna anayemtazama. Nikaweka gia nzito. Wazee wote saba wakaja kusukuma. Shangazi akaanza kusoma dua kwa sauti.

Waya ulikaza. Mchwa ikainama nyuma, springi za lori zikalia, moshi ukatanda. Hakuna kilichosogea. Nilisikia mwili mzima wa gari ukijipinda, na nikajua kitu kinaachia. Kweli, mpira wa tyubu ulikatika, mlango wa kushoto ukachomoka na kuanguka chini, pwaa!

"Usiache!" Shangazi akapiga kelele. "Kanyaga, mwanangu, kanyaga!"

Nikakanyaga. Basi likajitikisa, likatoka mchangani taratibu kama ng'ombe anayeamka, likapanda ukingo. Wazee walishangilia wakiwa wamelala kifudifudi, kwa kuwa waliangukia pale lilipokuwa. Shangazi Mwanahawa akatia mguu nje kupitia penye tundu, akashuka kwa heshima zake zote upande wa kushoto, akampungia mkono baba mdogo. "Nyie ndio watu wa posa? Karibuni. Jipanguseni."

Deo naye tukamvuta. Tangu siku ile hajakunja uso tena akiiangalia Mchwa.

Tuliingia uani adhana bado haijaanza. Mzee Idi alikuwa amekaa palepale. Alitega sikio kabla hatujasimama. "Ya mbele ni ile dizeli," akasema. "Nyuma yake kuna gari nisilolijua. Haya, wekeni maji ya chai."

Pilau lilikuwa limebaki kidogo. Wakachinja tena.

Kurudi

Sehemu hii ni fupi. Tulilala Haubi kama ndugu, na Jumapili mchana tukashuka hadi Dodoma, Shabani amekaa upande usio na mlango, amefungwa kamba kiunoni na kujifunika khanga ya Shangazi. Haneti bibi wa godoro hakuwepo. Mlango wangu mbovu ulibaki kwa Mzee Idi, umekuwa ubavu wa banda jipya la kuku. Harusi ni mwezi ujao, na tumealikwa upande wa bibi harusi.

Lakini nimeruka asubuhi ya Jumapili. Nimeiacha makusudi niimalizie.

Jumamosi ile ile, posa ilipokwisha kupokelewa, Shabani na Deo walihamishia betri yangu kwa muda kwenye pikapu ya kijivu, wakabadilisha mafuta, wakatoa hewa kwenye mabomba. Mzee alisimama karibu akiwaelekeza kwa sauti. Iliwaka. Kuku waliruka hadi juu ya paa. Kuhusu mlango, aliniita pembeni akaniambia hawezi. Marehemu mke wake alikaa upande huo kwa miaka yote waliyobeba mtama na wagonjwa wa kijiji. Nilimwambia aache kabisa, anisamehe kwa kuomba.

Asubuhi akaja na fimbo yake, amevaa koti. "Mwanangu, macho yangu hayafai. Niendeshe kidogo, hadi pale barabara inapokunja."

Akafungua mlango wa kushoto, akapanda. Shabani aliruka nyuma. Nikaendesha polepole. Mzee alikuwa ananitajia njia kwa kichwa: hapa kuna jiwe, hapa shika gia ya pili, hapa kwa Omari punguza ana watoto. Hakukosea hata mara moja. Barabara ilipokunja, bonde likafunguka upande wake wote, na ziwa la Haubi likatokea chini, pana, jua limelipiga.

Akageuza uso.

"Naona weupe," akasema. "Ni maji?"

"Ni maji, mzee."

"Alikuwa ananiambia kila tukipita hapa. Tazama huku, baba Zaituni, tazama. Mimi namjibu, naangalia barabara." Akashusha kioo chote, akatoa mkono nje. "Simama. Niambie unaona nini."

Nikasimamisha gari. Nikamwambia: kuna mafungu ya matete pembeni. Kuna ng'ombe wameingia maji ya magotini, mmoja mwekundu hataki kutoka. Kuna wanawake wawili wanafua, mmoja amevaa njano. Kuna ndege weupe, wengi, wametua kama nguo zilizoanikwa.

"Mtumbwi?"

"Upo mmoja. Hauna mtu."

Akaitikia kwa kichwa kila kitu, kama anayehesabu mizigo yake. Shabani aligonga paa, akauliza kwa nini tumesimama, gari limezima? "Endelea kuniambia," Mzee Idi akasema. "Huyo wa njano, amemaliza kufua?"